Kinachotiririka na Kinachoruka: Utangulizi wa Mifumo Mseto



Mada yetu ni mifumo mseto. Ndani ya mfumo mseto mnakaa mambo mawili yenye tabia zisizofanana. La kwanza hubadilika kidogo kidogo bila kukatika: joto la chumba, kina cha maji katika tangi, mwendo wa gari, shinikizo la gesi ndani ya bomba. La pili hubadilika kwa mkupuo: swichi imewashwa au imezimwa, lango limefunguliwa au limefungwa, programu imetoka hatua ya tatu ikaingia ya nne. La kwanza nitaliita mtiririko, la pili nitaliita mruko. Mtiririko unatawaliwa na maumbile, na mruko kwa kawaida unatawaliwa na uamuzi wetu, uwe umeandikwa katika kompyuta au umefungwa ndani ya waya na sumaku.

Dai langu jioni hii ni moja. Makosa makubwa ya mitambo ya aina hii mara nyingi hayakai upande wa mtiririko wala upande wa mruko. Yanakaa mpakani, pale upande mmoja unapoukabidhi mwingine kazi. Kwa hiyo mtaalamu wa upande mmoja, hata awe hodari kiasi gani, anaweza kuukagua upande wake mwaka mzima, akaukuta safi, na mtambo ukaanguka hivyo hivyo.

Tuanze na friji.

Kompresa ikiwa imezimwa, joto ndani ya friji hupanda polepole. Kompresa ikifanya kazi, joto hushuka polepole. Thamostati ndiyo inayoamua. Tuseme imepangwa kuwasha kompresa joto likifika digrii 7, na kuizima likishuka hadi digrii 3. Kwa nini namba mbili? Jaribu kuweka moja tu, digrii 5. Joto likipita 5 kidogo tu kwenda juu, kompresa inawaka; likirudi kidogo tu chini ya 5, inazimwa; linapanda tena, inawaka tena. Kadiri thamostati inavyokuwa sikivu ndivyo swichi inavyozidi kucheza, na mota itakufa kwa kuwashwa, si kwa kufanya kazi. Pengo kati ya 3 na 7 ndilo linalomaliza tatizo hilo.

Lakini pengo hilo linaleta jambo jipya ambalo nawaomba mlishike. Nikikuambia kwamba joto ni digrii 5, je, kompresa inafanya kazi? Huwezi kujua. Kama joto lilitoka 7, inafanya kazi. Kama lilitoka 3, imezimwa. Kipimajoto peke yake hakikuelezi hali ya friji. Unahitaji vitu viwili kwa pamoja: namba inayotiririka, na jina la modi, yaani hali ya kufanya kazi au ya kuzimwa, ambayo mashine imo. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Sasa umeme ukatike, urudi baada ya sekunde tano. Kompresa ilikuwa katikati ya kazi, ikisukuma gesi upande mmoja wa mzunguko hadi shinikizo likawa kubwa upande huo na dogo upande wa pili. Gesi ile hurudi na kulingana kupitia mrija mwembamba sana, na hilo huchukua dakika kadhaa. Umeme ukirudi kabla shinikizo halijalingana, mota inatakiwa kuanza kuzunguka dhidi ya mzigo isioweza kuusukuma. Inakwama, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto. Ndiyo sababu ya kile kifaa kidogo kinachochomekwa ukutani, ambacho wauzaji wa vifaa vya umeme hukiita friji gadi. Umeme ukirudi, chenyewe hakiruhusu friji iwake mara moja; kinasubiri dakika kadhaa kwanza.

Nakipenda kifaa hiki kuliko mifano mingi ya vitabuni. Hakina kipimo cha shinikizo ndani yake. Hakijui lolote kuhusu gesi. Kina saa, swichi, na kipimo cha volti, basi. Lakini aliyekibuni alijua kuhusu gesi, na ujuzi wake wa kitu kinachotiririka akaufanya kuwa kanuni ya kuruka: usiwashe kabla ya muda fulani kupita. Mtu wa saketi asiyejua gesi asingeona haja ya kusubiri, maana kwake swichi ni swichi.

Kwa muda mrefu pande hizi mbili zilikuwa na wenyewe tofauti. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alichapisha makala kuhusu vidhibiti mwendo vya injini za mvuke, akaonyesha kwa milinganyo ni wakati gani kidhibiti kitaituliza injini na ni wakati gani kitaifanya iyumbe zaidi. Hapo kila kitu ni mtiririko. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko MIT, alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili kwamba saketi za swichi na rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zinaweza kukokotolewa kwa aljebra ya Boole, ile ya kweli na si kweli. Hapo kila kitu ni mruko. Wajukuu wa Maxwell wakawa wahandisi wa udhibiti; wajukuu wa Shannon wakawa watu wa kompyuta. Walikaa katika majengo mawili, wakasoma majarida mawili. Hans Witsenhausen alijaribu kuwakutanisha mapema, mwaka 1966, kwa makala kuhusu mifumo yenye hali za aina zote mbili, lakini mkutano wenyewe ulisubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta ilipokuwa imekwisha kuingia ndani ya ndege, breki za magari na viwanda. Mwaka 1993 Rajeev Alur, Costas Courcoubetis, Thomas Henzinger na Pei-Hsin Ho walieleza umbo ambalo tunalitumia hadi leo, otomata mseto.

Umbo lenyewe si gumu. Chora duara kwa kila modi: kwa friji ni maduara mawili, “inapoza” na “imetulia”. Ndani ya kila duara andika mlinganyo unaosema joto linabadilika kwa kasi gani ukiwa humo. Andika pia sharti la kukaa, yaani mpaka ambao ukiufikia huruhusiwi kubaki tena katika duara hilo. Kisha chora mishale kati ya maduara. Kila mshale una sharti la kuruka, mfano joto limefika 7, na una maelezo ya kinachobadilishwa wakati wa kuruka: saa inarudishwa sifuri, kumbukumbu inafutwa, mwendo unageuzwa upande. Nawasihi wanafunzi msiyapite maelezo hayo ya mwisho kwa haraka. Ni kipengele kidogo kuliko vyote katika mchoro, na nitawaonyesha baadaye chombo cha anga ambacho huenda kilipotea kwa sababu yake.

Mara tu unapokuwa na umbo hili, mambo ya ajabu yanajitokeza. Chukua mpira unaodunda. Ukiwa hewani unatawaliwa na mvutano wa dunia, na huo ni mtiririko. Ukigusa sakafu, mwendo wake unageuka ghafla na kupungua, na huo ni mruko. Tuseme kila mdundo unaubakizia asilimia 80 ya mwendo, na umeuachia kutoka mita 1. Kila safari ya juu na chini inakuwa fupi kuliko iliyotangulia kwa kiwango kile kile, na ukijumlisha safari zote, hata kama hazina mwisho, jumla haizidi sekunde 4.1. Maana yake, katika mchoro wetu mpira unadunda mara zisizo na idadi ndani ya muda mfupi wenye kikomo. Wataalamu huita hali hiyo Zeno, kwa jina la mwanafalsafa Mgiriki wa kale. Mpira halisi haufanyi hivyo, kwa kuwa utajibonyeza na kutulia. Lakini kompyuta inayouiga itaruka, itaruka, itaruka, na saa yake haitavuka sekunde ile. Mhandisi akikuta uigaji wake umeganda namna hiyo, akague modeli kabla ya kununua kompyuta yenye kasi zaidi.

La pili ni zito kuliko hilo. Chukua mifumo miwili ambayo kila mmoja ukiachwa peke yake hutulia. Je, ukibadilisha kati ya huu na huu, matokeo yatatulia? Mtu yeyote mwenye akili atajibu ndiyo, na atakuwa amekosea. Mtazameni mtoto aliyesimama juu ya bembea. Akisimama wima tu bila kufanya lolote, bembea itapungua hadi isimame. Akichuchumaa tu, itapungua hadi isimame. Lakini akisimama kila anapopita chini kabisa, na kuchuchumaa kila anapofika juu kabisa, bembea inapanda, inapanda, hadi mama yake apige kelele. Modi mbili, kila moja inatulia. Ubadilishaji ndio unaovuruga. Pale kwenye bembea misuli ya mtoto inaongeza nguvu wakati wa kila mruko, lakini hesabu inaonyesha kwamba jambo hili linaweza kutokea hata pale ambapo mruko wenyewe hauongezi chochote, bali unabadilisha tu sheria ya mtiririko kwa wakati mbaya.

Dawa yake moja mmekwisha kuiona ukutani, kwenye friji gadi. A. Stephen Morse alionyesha miaka ya 1990 kwamba kama kila modi inatulia, na ukilazimisha mfumo ukae ndani ya modi kwa muda wa kutosha kabla ya kuruka tena, mfumo mzima utatulia. Muda huo unaweza kukokotolewa. Kusubiri, kwa hiyo, ni sehemu ya udhibiti kama ilivyo kusukuma au kuzima.

Sasa tutoke nyumbani twende kwenye gridi, maana hapa ndipo mifumo mseto inapogusa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja.

Tarehe 7 Juni 2016, kabla ya saa sita mchana, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Kwa maelezo ya kampuni ya KenGen, mitambo mingine ya kituo ikazidiwa na mzigo nayo ikajiondoa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Watu walicheka sana siku ile, na picha zake zikazunguka dunia. Mimi naona haki ya jambo hili ni kulisoma kwa makini, kwa sababu tumbili alifanya mruko mmoja tu. Mingine yote ilifanywa na vifaa vyetu, kila kimoja kikitimiza wajibu wake sawasawa.

Gridi ya Kenya, kama zilivyo za majirani zake, hukusudiwa kuendeshwa kwa masafa ya hezi 50. Masafa hayo ni mwendo wa kuzunguka wa mashine kubwa zote zilizounganishwa, ambazo huzunguka kwa mwafaka kana kwamba zimefungwa kwenye ekseli moja. Watumiaji wakivuta umeme mwingi kuliko unaozalishwa, tofauti hiyo huchukuliwa kutoka katika mzunguko wa chuma chenyewe, na mashine zote huanza kupunguza mwendo. Kadiri chuma kinachozunguka kinavyokuwa kingi na kizito, ndivyo masafa yanavyoshuka taratibu na ndivyo unavyopata nafasi ya kufanya kitu.

Cha kufanya ni kufungua maji zaidi. Kidhibiti mwendo, mjukuu halali wa kile cha Maxwell, kinahisi kupungua na kuanza kufungua lango. Lakini maji yaliyo ndani ya bomba kubwa la kituo ni mzigo mzito uliokwisha kuwa katika mwendo wake; hayaongezi kasi kwa kuamriwa. Lango linapofunguka, kwanza shinikizo mbele ya mtambo hushuka, na kwa kitambo kidogo nguvu inayotoka hupungua kabla ya kuongezeka. Fikirieni: katika dakika ambayo taifa linahitaji umeme zaidi, jibu la kwanza la maji ni kupunguza. Hakuna programu inayoweza kulikanusha jambo hilo. Inaweza tu kulijua mapema na kulipangia.

Juu ya mtiririko huo wamekaa walinzi, yaani rilei. Iko rilei inayolinda transfoma, inayolinda laini, inayolinda jenereta. Masafa yakishuka chini ya kiwango fulani kwa muda fulani, rilei ya jenereta huitoa jenereta kwenye gridi ili isiharibike, na ni haki yake, maana jenereta iliyoharibika ni hasara ya miaka. Lakini tazameni kilichotokea kwa wengine. Jenereta iliyotoka imeongeza upungufu. Masafa sasa yanashuka kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Yanafikia kiwango cha rilei inayofuata mapema zaidi, nayo inaruka. Kila mruko unaongeza kasi ya mtiririko, na mtiririko ulioongezeka kasi unaleta mruko mwingine karibu. Ukikagua rilei moja moja utaikuta imefanya kama kitabu kinavyosema. Ukikagua jenereta moja moja utaikuta nzima.

Kuna rilei za aina nyingine zilizowekwa kwa kulijua hilo: zinakata umeme wa sehemu ya watumiaji kwa makusudi, mtaa huu, kisha mtaa ule, ili mzigo ulingane na uzalishaji kabla jenereta hazijaanza kukimbia. Ni uamuzi mchungu kwa aliyekatiwa, na ndio unaoiokoa nchi. Swali zima ni viwango na muda: ukate masafa yakifika wapi, kiasi gani, baada ya sehemu gani ya sekunde. Ukikata mapema mno unawaonea watu bure. Ukichelewa, jenereta zimekwisha kuondoka. Namba hizo haziwezi kupangwa na mtu anayejua rilei tu, wala na mtu anayejua maji na chuma tu.

Tusidhani ni tatizo la nchi changa. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Ohio, laini ya kilovolti 345 iitwayo Sammis–Star ilikatwa na rilei saa kumi na dakika tano alasiri. Hakukuwa na hitilafu kwenye laini. Volti ilikuwa imeshuka na mkondo umepanda kwa sababu laini nyingine zilikuwa zimekwisha kutoka, na machoni pa rilei hali hiyo ilifanana na hitilafu ya mbali. Kuanzia hapo laini ziliangushana, na chini ya dakika 10 baadaye watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme.

Jambo hili linatuhusu zaidi mwaka hadi mwaka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235. Mtambo mmoja ukijiondoa ukiwa na mzigo kamili, pengo lake ni kubwa kuliko kituo kizima cha Gitaru, chenye uwezo wa megawati 225. Tanzania na Kenya sasa zimeunganishwa kwa laini ya kilovolti 400 kati ya Singida na Isinya, na kwa hiyo shida ya mmoja inaweza kusaidiwa na mwingine, au kumfikia. Nguvu ya jua na upepo nayo inaongezeka, na inafaa iongezeke. Lakini paneli ya jua haina chuma kinachozunguka. Tukibadilisha mashine nzito kwa paneli bila kufanya jingine, masafa yatashuka kwa kasi zaidi pale pengo litakapotokea, na viwango vya rilei vilivyopangwa kwa gridi ya zamani havitakuwa vinaongea na gridi iliyopo.

Niliwaahidi chombo cha anga. Mars Polar Lander ya NASA ilirushwa tarehe 3 Januari 1999, ikafika Mirihi tarehe 3 Desemba mwaka huo huo ili itue karibu na ncha ya kusini. Haikusikika tena. Wakati wa kushuka haikuwa ikituma taarifa, kwa hiyo wachunguzi walilazimika kutafuta sababu kwa hoja na majaribio, na ripoti ya mwaka 2000 ikataja moja kuwa ndiyo yenye uwezekano mkubwa kuliko zote.

Chombo kilikuwa na miguu mitatu, kila mguu na kihisi cha kusema umekanyaga. Miguu ilikuwa imekunjwa, na ilipaswa kufunguka kikiwa bado kwenye parachuti, kiasi cha mita 1,500 juu ya ardhi. Baadaye parachuti inaachwa, injini zinawaka, chombo kinashuka kwa injini hadi kikanyage, na mara kihisi kikisema kimekanyaga injini zinazimwa. Majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba mguu unapofunguka kwa kishindo, kihisi kinaweza kutoa ishara ya uongo kwa muda mfupi sana. Waliobuni mfumo walijua. Programu ikapangwa isizingatie vihisi mpaka chombo kifike mita 40.

Kilichokosekana ni hiki. Programu ilisoma vihisi mara 100 kwa sekunde, na ikipata “ndiyo” mbili mfululizo, iliandika katika kumbukumbu kwamba mguu umekanyaga. Katika mita 40 programu iliruhusiwa kutumia kumbukumbu hiyo. Lakini hakuna mahali ilipoambiwa kwanza kuifuta. Kwa maelezo ya ripoti, ishara ya uongo ya mita 1,500 huenda ilikuwa imekaa pale ikisubiri. Mita 40, ruhusa ikatolewa, programu ikauliza kama kimekanyaga, kumbukumbu ikajibu ndiyo, injini zikazimwa. Chombo kilikuwa kikishuka kwa mita 13 kwa sekunde. Bila injini, mvutano wa Mirihi ulikipeleka ardhini kwa mita 22 hivi kwa sekunde, wakati kilibuniwa kukanyaga kwa mita 2.4.

Tazameni mchoro wetu. Mtiririko ulikokotolewa vizuri. Mantiki ya programu ilifuata maelekezo iliyopewa. Sharti la kuruka, mita 40, lilikuwepo. Palipopungua ni kwenye mshale, katika maelezo ya kinachobadilishwa wakati wa kuruka: futa kumbukumbu ya miguu. Watu wa miguu walijua kuhusu kishindo, watu wa programu walijua kuhusu kumbukumbu, na karatasi iliyotoka kwa hawa kwenda kwa wale haikubeba sentensi hiyo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix, kilichojengwa kwa kutumia chombo ndugu kilichokuwa kimewekwa ghalani, kilitua salama upande wa kaskazini wa Mirihi.

Je, hatuwezi kuiandikia kompyuta kazi ya kukagua mpaka huu, ituambie kama kuna njia yoyote ya kufika hali mbaya? Jibu lina pande mbili. Rajeev Alur na David Dill walionyesha kwamba kama kitu pekee kinachotiririka ni saa, zote zikitembea kwa kasi moja, kompyuta inaweza kutoa jibu kamili kila mara; makala yao kamili ilitoka mwaka 1994. Lakini mwaka 1995 Henzinger, Peter Kopke, Anuj Puri na Pravin Varaiya walionyesha mpaka ulipo: ongeza uhuru kidogo tu kwenye mtiririko, na hakuna programu, ya leo wala ya baadaye, itakayoweza kujibu swali hilo kwa kila mfumo. Ni ukomo wa hesabu yenyewe.

Ukomo huo haukuwakatisha watu tamaa, na namna walivyouzunguka ni nzuri. Badala ya kufuata kila njia, unatafuta kauli moja ambayo ni kweli mwanzoni na haivunjiki kamwe. Kisha unaikagua mara mbili: je, mtiririko wa kila modi unaweza kuivunja? Je, mruko wowote unaweza kuivunja? Kwa chombo cha Mirihi kauli ni fupi: injini zikizimwa baada ya parachuti kuachwa, mguu uwe umekanyaga kweli. Ipeleke kwenye mshale wa mita 40, nayo inavunjika papo hapo, mezani, bila kurusha chochote. André Platzer na wenzake wamejenga mantiki na programu, KeYmaera na baadaye KeYmaera X, za kuandika uthibitisho wa aina hiyo. Mwaka 2015 yeye na watafiti wenzake walichapisha ukaguzi wa ACAS X, mfumo wa kuzuia ndege zisigongane angani, wakaonyesha ni katika mazingira gani ushauri wake kwa rubani ni salama, na wakaonyesha pia mifano ambamo haukuwa salama, ndege zikiwa bado hazijautegemea.

Wanafunzi wengi huniuliza waanzie wapi. Jibu langu ni gridi, kwa sababu data zipo karibu na faida iko wazi. Chukua upande mmoja wa laini ya Singida na Isinya. Andika mlinganyo wa masafa, wa kidhibiti mwendo, na wa maji ndani ya bomba kwa mitambo mikubwa. Andika kila rilei kama mshale wenye kiwango na muda wake, ikiwemo inayokata mitaa. Ondoa megawati 235 kwa mkupuo, mchana wenye jua kali, kisha usiku. Halafu tafuta kauli isiyovunjika: masafa hayafiki pale jenereta zinapoanza kujiondoa. Kama kauli inavunjika, utaona ni mshale gani umeivunja, na utakuwa na namba ya kumpelekea mtu wa rilei, na sababu ya kumweleza mtu wa maji, mkiwa mmekaa meza moja.